Ukoma na ukoo: kinachorithiwa ni nini hasa

Posa inapoletwa, sehemu nyingi za kwetu wazee huchunguza ukoo kabla ya kutoa jibu. Huulizia kifafa, huulizia wendawazimu, huulizia na ukoma. Familia ambayo babu yake aliugua yaweza kukataliwa hata kama tangu hapo hakuna mwingine aliyepata hata baka. Mganga mkuu wa wilaya akiyasikia haya huchoka: ukoma unaletwa na bakteria, unatibika, haurithiwi. Anasema kweli. Hata hivyo tafiti za nusu karne iliyopita zimeonyesha kuwa kuna kitu kinachopita katika damu na kinachohusu ukoma. Ni kidogo kuliko wazee wanavyodhani, wanacho watu wengi kuliko wanavyodhani, na hakistahili kuvunja posa ya mtu yeyote.

Ubishi wa kurithi au kuambukizwa ulipamba moto zaidi katika mji wa Bergen, Norway, karne ya 19. Pwani ya magharibi ya nchi ile ilikuwa na wagonjwa wengi kiasi kwamba mwaka 1856 serikali ilianzisha daftari la taifa la wagonjwa wa ukoma. Bingwa wa wakati ule alikuwa Daniel Cornelius Danielssen, aliyechapisha pamoja na Carl Wilhelm Boeck, mwaka 1847, kitabu kikubwa kuhusu ugonjwa huu. Danielssen aliamini kwamba ukoma ni wa kurithi, na hakuishia kwenye maneno. Alichukua majimaji ya vinundu vya wagonjwa akajichanja nayo mwenyewe, akawachanja na baadhi ya wafanyakazi wa hospitali. Hakuna aliyeugua. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Aliyemgeuka ni mkwe wake. Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873, aliona kwa hadubini vijiti vidogo ndani ya vinundu vya wagonjwa, akasema hivi ndivyo vinavyoleta ukoma. Baadaye alivuka bahari hadi Marekani kuwatafuta Wanorway waliohamia huko wakiwa na ukoma, akakagua watoto na wajukuu wao. Hakukuta mzao mwenye ugonjwa. Kama ni damu tu, hoja yake ilikwenda, mbona damu hiyohiyo ikishavuka bahari haiuleti ugonjwa? Hansen naye alikuwa na doa lake: mwaka 1879 alimchoma mgonjwa wa kike kwenye jicho kwa vimelea vya ukoma bila ridhaa yake, na mwaka uliofuata mahakama ikamwondoa kwenye kazi ya hospitali. Mwanamke yule hakupata alichotarajia Hansen.

Historia imempa Hansen ushindi, na ni haki yake. Lakini swali la Danielssen lilibaki mezani: mbona yeye na wenzake walichanjwa uchafu uliojaa vimelea, na hawakuugua?

Jibu la leo ni kwamba idadi kubwa mno ya binadamu, wataalamu husema kiasi cha 95 kwa 100, wana kinga ya asili inayoweza kumshinda bakteria huyu, *Mycobacterium leprae*. Wengi hukutana naye na hawajui. Anazaliana polepole kupita bakteria karibu wote tunaowajua: mmoja huwa wawili baada ya wiki mbili hivi. Dalili za kwanza huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine 20 au zaidi. Hadi leo hakuna maabara iliyofaulu kumwotesha kwenye chombo. Watafiti humkuza kwenye nyayo za panya na kwenye kakakuona wa Marekani. Mwaka 2001 jenomu yake iliposomwa yote, ilionekana ni kama gofu: jeni zinazofanya kazi ni kama 1,600 tu, na nyingine zaidi ya 1,000 ni mabaki yaliyokufa. Ni kiumbe aliyetupa karibu kila chombo cha kujitegemea akategemea seli za mwenyeji wake.

Kuna jambo jingine katika DNA yake, nalo ndilo linalotupeleka kwenye jeni za binadamu. Mwaka 2005 watafiti walilinganisha vimelea kutoka mabara mbalimbali, wakakuta vinafanana karibu kabisa. Walipofuata tofauti chache zilizokuwapo, walihitimisha kwamba ukoma yawezekana ulianzia Afrika Mashariki au Mashariki ya Karibu, kisha ukatawanyika na misafara ya watu. Basi kama kimelea cha Brazil na cha Nepal ni ndugu wa toka nitoke, tofauti kubwa tunazoziona kati ya mgonjwa na mgonjwa haziwezi kuwa zimeletwa na kimelea peke yake. Sehemu kubwa yake imo ndani ya mwili unaompokea.

Tofauti hizo huonekana mchana kweupe katika kliniki ya ukoma. Mgonjwa wa kwanza ana baka moja begani, limefifia rangi, halina vinyweleo wala jasho. Mhudumu humwambia afumbe macho, humgusa kwa ncha ya pamba, na mgonjwa aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Pembeni ya baka kidole kinakwenda sawasawa. Katikati ya baka mgonjwa anangoja tu, hajui kama ameguswa. Mhudumu hupapasa nyuma ya kiwiko na kukuta mshipa wa fahamu umevimba kama kamba. Ukichukua majimaji ya ngozi yake ukayatazama kwa hadubini, huenda usikute bakteria hata mmoja. Mgonjwa wa pili hana baka la kuonyesha. Ngozi ya uso imekuwa nene, nyusi zimepukutika, ndewe za masikio zimejaa vinundu. Mkwaruzo mdogo wa ndewe ukipakwa kwenye kioo, vijiti vyekundu vinajaa uwanja mzima; gramu moja ya ngozi yake yaweza kubeba bakteria bilioni.

Kimelea ni kilekile. Ridley na Jopling, mwaka 1966, waliwapanga wagonjwa kwenye ngazi kati ya ncha hizi mbili, na ngazi hiyo kimsingi ni ngazi ya kinga. Katika ncha ya kwanza seli za kinga za aina ya T huchachamaa na kuzisukuma makrofaji, zile seli zinazomeza vimelea, ziue zilichomeza. Bakteria huisha, lakini mshipa wa fahamu uliokuwa uwanja wa vita huharibika. Katika ncha ya pili mwili hutengeneza kingamwili kwa wingi, ambazo hazina kazi dhidi ya adui aliyejificha ndani ya seli, na bakteria hustarehe. Kwa hiyo tunaposema jeni za kinga tusidhani tunatafuta tu kinga “kali” na kinga “legevu”. Katika ukoma, kinga kali nayo hulemaza.

Ushahidi kwamba urithi una mkono hapa ulianza na pacha. Mwaka 1973 Chakravartti na Vogel walitoa matokeo ya jozi 102 za pacha nchini India. Pale ambapo pacha mmoja aliugua, mwenzake wa kufanana kabisa aliugua pia katika kiasi cha jozi 60 kwa 100; kwa pacha wasiofanana ilikuwa 20 tu kwa 100. Pacha wote hulala chumba kimoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo pengo lile haliwezi kuelezwa na mazingira peke yake. Mwaka 1988 uchambuzi wa koo za kisiwa kidogo cha Désirade, huko Guadeloupe, ulionyesha mtiririko wa ugonjwa unaolingana na jeni yenye nguvu. Baadaye Bangladesh, katika utafiti wa zaidi ya watu 20,000 waliokuwa karibu na wagonjwa, mambo mawili yalijitenga vizuri: anayeishi nyumba moja na mgonjwa yuko hatarini zaidi, na ndugu wa damu yuko hatarini zaidi hata baada ya kuondoa athari ya ukaribu wa makazi. Mimi naona matokeo haya ya Bangladesh yana uzito kuliko ya pacha, kwa sababu yametoka kwenye vijiji vya kawaida na watu wa kawaida.

Jeni zenyewe ni zipi? La kwanza kuchunguzwa lilikuwa kundi la HLA, lililo kwenye kromosomu ya 6. Protini za HLA hukaa juu ya seli na kazi yake ni kutandaza vipande vya kimelea kilichomezwa, kama mchuuzi anavyotandaza bidhaa mkekani, ili seli za T zipite zitazame na kuamua kama kuna adui. Kila mtu amerithi aina zake za HLA, na kila aina hushika vizuri vipande fulani na kuviacha vingine. Tangu miaka ya 1970 aina iitwayo DR2, ambayo leo hutajwa kama HLA-DRB1*15, imejitokeza tena na tena kwa wagonjwa, India, Uchina, Brazil na kwingineko. Hakuna eneo lingine la jenomu lililojirudia hivyo kwa uthabiti.

Kisha ikaja Vietnam. Timu ya Erwin Schurr wa Montreal, pamoja na Laurent Abel na Alexandre Alcaïs wa Paris, ilichunguza familia zenye wagonjwa, na mwaka 2004 ikatangaza eneo lililo kati ya jeni mbili, PARK2 na PACRG. Mshangao ulikuwa mkubwa, maana PARK2 ilikwishajulikana na madaktari wa ubongo: ikiharibika kabisa huleta ugonjwa wa Parkinson kwa vijana. Brazil waliyaona matokeo hayohayo. India ishara ilififia. Hiyo ndiyo hali ya taaluma hii, na anayetaka jeni moja ya ukoma atavunjika moyo.

Hatua kubwa ilikuwa ya Uchina, mwaka 2009. Furen Zhang wa Shandong na wenzake walilinganisha jenomu nzima za wagonjwa 706 na za watu 1,225 wasio na ukoma, wakayathibitisha matokeo kwa maelfu wengine. Zilijitokeza HLA-DR, NOD2, RIPK2, TNFSF15 na jeni nyingine mbili jirani kwenye kromosomu ya 13, moja ikiwa ile ambayo sasa huitwa LACC1. Kinachopendeza ni kwamba baadhi yake zinashikana mikono. NOD2 hukaa ndani ya seli ikisubiri kugusa kipande cha ukuta wa bakteria. Ikikigusa, huiamsha RIPK2. Nayo RIPK2 huwasha mitambo ya uvimbe na mashambulizi. Kwa maneno mengine, Wachina wale walikuta njia nzima ya taarifa, toka mlinzi anayemwona mwizi hadi kengele inayolia. Na jeni hizohizo ndizo zinazotajwa katika ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe sugu wa utumbo. Mabadiliko yanayoamua namna mwili unavyopokea bakteria wa ukoma ni sehemu ya yale yanayoamua namna unavyoishi kwa amani na bakteria wa tumboni.

Hapa inabidi nitie breki, maana magazeti hupenda kuandika “jeni ya ukoma imepatikana”. Nyingi ya tofauti hizi huongeza uwezekano wa kuugua kwa chini ya maradufu. Tuseme, kwa mfano tu, katika tarafa fulani watu 5 kwa kila 1,000 wataugua katika maisha yao. Mwenye jeni inayoongeza uwezekano mara moja na nusu atakuwa na nafasi ya 7 au 8 kwa 1,000. Wengine 992 wenye jeni hiyohiyo wataishi na kufa bila kuujua ukoma. Na aina hizi si za koo chache zilizolaaniwa. Mamilioni wanazo, pengine hata mzee anayekataa posa.

Mifupa imetoa ushahidi wake pia. Huko Odense, Denmark, kulikuwa na nyumba ya wakoma ya Mtakatifu Jørgen, na makaburi yake ya kati ya karne ya 13 na ya 16 yamefukuliwa. Mwaka 2018 watafiti walisoma DNA ya waliozikwa pale, wakakuta HLA-DRB1*15:01 imezidi ukilinganisha na watu wa zamani wasio wagonjwa. Aina ileile iliyowatesa wagonjwa wa India ya leo iliwatesa na Wazungu wa miaka 700 iliyopita.

Basi kwa nini ukoma ulitoweka Ulaya? Wapo wanaosema uteuzi wa asili ulifanya kazi: wagonjwa walitengwa, wanaume wa ukoma wa vinundu hupoteza uzazi, kwa hiyo jeni zao zilipungua. Wanataja TLR1, protini inayokaa juu ya seli ikihisi mafuta ya ukuta wa bakteria. Ipo aina yake, iitwayo 602S, ambayo hushindwa kufika juu ya seli. Wengi wa watu wa Ulaya wanayo. Afrika na Asia ya Mashariki ni adimu. Ungedhani kihisio kibovu ni hasara, kumbe India na Uturuki waliokuwa nacho waliugua ukoma kwa uchache, na Nepal walipata kwa uchache ile mitutumko ya ghafla ya kinga inayoua mishipa ya fahamu. Huenda bakteria huyu anafaidika na kelele za uvimbe. Hadithi hii ni nzuri, lakini siimezi yote. DRB1*15:01, iliyowaandama wale wa Odense, bado ni ya kawaida kaskazini mwa Ulaya, ambako leo inajulikana kwa kuongeza hatari ya ugonjwa wa multipo sklerosisi. Kama ukoma ulikuwa na nguvu ya kuchuja jeni, mbona hii ilipita kwenye chujio? Nyumba bora na chakula bora vina nafasi yao.

Mtego mwingine kwa wapenda majibu mepesi ni UKIMWI. Virusi vya UKIMWI huua seli za T aina ya CD4, zilezile zinazohitajika dhidi ya ukoma. Kifua kikuu kilipanda kwa kasi ya kutisha, na ukoma ulitarajiwa kufuata. Haukufuata. Tafiti za Afrika hazikuonyesha wimbi la ukoma miongoni mwa wenye VVU. Kilichoonekana ni mabaka na mitutumko kujitokeza baada ya watu kuanza dawa za kufubaza virusi, yaani kinga ilipofufuka. Nadhani hilo linasema mengi: sehemu kubwa ya kizuizi cha ukoma yaweza kuwa kwenye zile hatua za mwanzo, ambako makrofaji na vihisio kama NOD2 na TLR1 hufanya kazi kabla seli za T hazijaitwa.

Chanjo ya BCG nayo inashangaza kwa namna yake. Uganda, miaka ya 1960, ilikinga watoto dhidi ya ukoma kwa kiasi cha 80 kwa 100. Karonga, kaskazini mwa Malawi, ilikuwa karibu 50. Burma na kusini mwa India ilikuwa 20 au 30 hivi. Inashawishi kusema ni jeni. Mimi ningeanza kwa kushuku udongo na maji, maana bakteria wengine wa jamii hii waliotapakaa kwenye mazingira huweza kuifundisha kinga kabla ya chanjo kufika, na tofauti za umri wa waliochanjwa pia zipo.

Mahali ambapo jeni ya kinga imekwishaokoa maisha si katika kutabiri ukoma. Ni katika dawa. Tangu 1981 wagonjwa hutibiwa kwa dawa mseto: rifampisini, dapsoni na klofazimini, siku hizi kwa miezi 6 kwa wenye vimelea vichache na 12 kwa wenye vingi, bila malipo. Wachache, wiki chache baada ya kuanza dapsoni, hupata homa, upele mwili mzima na ini kuvimba, na kiasi cha mmoja katika kila kumi wa hao hufariki. Mwaka 2013 timu ya Zhang ilionyesha kwamba mwenye HLA-B*13:01 ana hatari hiyo kama mara 20 zaidi. Uchina wakaanza kupima kabla ya kutoa dapsoni, na wenye aina hiyo wakapewa dawa nyingine. Jeni hiyo ni ya Asia. Kwa Waafrika karibu haipo. Tabibu wa Tanga au Mombasa akiwa na wasiwasi na dapsoni, wasiwasi wake ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, urithi mwingine uliokithiri kwenye ukanda wa malaria, ambao huweza kufanya damu ya mgonjwa ivunjike.

Na hapo ndipo palipo na pengo letu. Tafiti kubwa za jenomu nzima zimefanywa hasa Asia, na za familia Vietnam na Brazil. Kwetu ilikuwa hasa Karonga, ambako jeni zilizoshukiwa zilichunguzwa na kuchapishwa 2004, zikiwamo ya kipokezi cha vitamini D na CR1, na Mali kidogo. Tanzania, Komoro, Kongo, Msumbiji na Somalia ziko kwenye orodha ya nchi 23 za kipaumbele za Shirika la Afya Duniani. Dunia iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 mwaka 2023. Waafrika wana utofauti mkubwa wa jeni kuliko watu wa bara lolote, na utofauti huo ndio unaomsaidia mtafiti kutenganisha jeni yenye hatia na jirani zake. Bara ambalo huenda ugonjwa ulianzia ndilo lililoulizwa kidogo kuliko yote.

Wakati tukisubiri, kazi ya kukinga haijasimama. Dozi moja ya rifampisini kwa walio karibu na mgonjwa ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 57 katika miaka miwili huko Bangladesh, na mbinu za aina hiyo zimejaribiwa Tanzania, Msumbiji na Ethiopia. Kinga hiyo lakini ilikuwa hafifu kwa wanakaya na ndugu wa damu, yaani wale wenye hatari kubwa zaidi, na ndiyo maana Komoro wamejaribu kuongeza bedakwilini juu ya rifampisini. Mhudumu anayebisha hodi kwa mgonjwa hana haja ya kupeleka damu ya mtu maabara ya jenomu. Akiuliza nani analala humu ndani, na nani kati yao ni ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, amekwishapata sehemu kubwa ya kile ambacho kipimo cha jeni kingemwambia leo, na anajua nani wa kumkagua ngozi kwanza, na wa kumrudia mwaka baada ya mwaka.